Hadithi Iliyokatwa Kichwa

Nyumbani, 3 Machi

Mjukuu wangu Bi Makaratasi,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Tangu mwezi wa kwanza sijaona mstari wako hata mmoja. Mimi niliyekulea tangu mama yako alipofariki, niliyekusugua meno kwa kidole changu, nimekaa nangoja kama mtu aliyeazimisha sufuria. Usiniletee habari za simu. Simu naisikia kama nyuki ndani ya debe. Barua ndiyo yenye adabu: nikiudhika naiweka chini, nikipoa naiokota tena. Shule niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka. Wako wewe wa chuo kikuu ni mende aliyetoka kwenye wino.

Haya. Jumapili nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, nimekaa foleni na debe langu la mahindi, redio ya mwenye mashine inaimba. Mara nasikia sauti yako. Nikawaambia walio karibu, "Huyo ni wa kwangu." Ukasema maneno marefu kuhusu uchawi wa zamani, mtangazaji anaitikia ehe, ehe, na nina hakika hakuelewa. Kisha nikajisikia mimi mwenyewe. "Mimi hutoka watu wakishalala. Napita mlango kwa mlango, naweka sikio. Nitakayemsikia analia, huyo ni wangu." Na kile kicheko juu yake.

Sauti ilitoka vizuri, sikatai. Lakini walinikata kichwa. Paukwa iko wapi? Pakawa iko wapi? "Hapo zamani alikuwapo kikongwe mmoja" iko wapi? Na mkia nao wakaukata, yule msichana anayemshinda kikongwe hakutokea kabisa. Wakabeba kiwiliwili tu. Ile ni hadithi ya kunyamazishia watoto, mjukuu wangu. Haitembezwi uchi namna hiyo.

Watu wote pale walinyamaza. Hata mashine ilizimwa. Kisha mwenye mashine akaniambia, "Bibi, pita mbele, tukusagie wewe kwanza." Miaka yote nagombania foleni ile na wanawake wenye viwiko vya chuma, leo napitishwa kama mke wa waziri. Basi angalau usomi wako umenifaa siku moja.

Kula. Kwenye picha uliyoleta shingo imebaki mfupa.

Ni mimi bibi yako, mwenye kukulea.


Chuoni, 12 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mwezi wa kwanza, na ya mwezi wa pili. Makosa ni yangu, fimbo nimeiona.

Kuhusu redio, mimi niliwapa kanda nzima, ile niliyokurekodi pale barazani likizo iliyopita, tangu paukwa mpaka mwisho. Mtayarishaji wa kipindi alikuwa na dakika chache tu, akachukua pale palipomnogea. Nami nilisikia siku mliyosikia ninyi. Ningeweza kulalamika, lakini nilifurahi mno kukusikia nikasahau.

Huwa unaniuliza kazi yangu ni nini hasa, na mimi hukujibu "kusoma," nawe unasema hata karani husoma. Basi ni hivi. Asubuhi naingia kwenye chumba cha nyaraka. Simu inaachwa kwenye kisanduku mlangoni. Kalamu ya wino hairuhusiwi, chai hairuhusiwi, na kupiga chafya kunaombewa radhi. Mtunza nyaraka, ambaye sote tunamwita Mzee Penseli, ananipa faili moja moja, limefungwa uzi, kingo zimeliwa na wadudu. Ni kesi za watu walioshtakiwa uchawi enzi za ujana wa babu yangu. Natafuta nani alimshtaki nani, walikuwa majirani wa namna gani, na ugomvi ulianzia wapi. Karibu kila mara ulianzia kwenye kitu kidogo. Chumvi iliyoazimwa. Kuku aliyevuka ua wa jirani.

Mchana nafundisha. Juzi mwanafunzi kaniuliza, "Mwalimu, kwani wewe mwenyewe unaamini?" Nikamwambia kazi yangu ni kujua watu waliamini nini na imani hiyo iliwafanyisha nini. Kijana wa nyuma akasema, "Hiyo ni ndiyo, ila ya kisomi." Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Tangu kile kipindi kuna mfanyabiashara mmoja ananipigia kila siku kwa namba tofauti. Anataka "mtaalamu wa uchawi" amfungulie duka lililofungwa na shemeji yake. Nimemwambia mimi ni mwanahistoria. Ameniuliza hiyo bei yake ni nafuu au ghali.

Bibi, hapo kwenye mashine, walinyamaza vipi? Baadaye walicheka?

Mjukuu wako.


Nyumbani, 24 Machi

Mjukuu wangu,

Unaniuliza walinyamaza vipi. Walinyamaza kwa midomo. Kuna namna nyingine? Hawakucheka.

Nakwambia heshima imezidi hapa mtaani mpaka inachosha. Zamani nikipita, mtu ananiamkia huku anatafuna. Sasa naamkiwa toka ng'ambo ya barabara, shikamoo moja ya mbio, na mtu keshageuka. Kinu changu, ambacho hakijawahi kulala kwangu kwa kuazimwa, kimekaa kikavu mpaka kinapasuka. Muuza nyanya jana aliniwekea nyanya chini badala ya kunipa mkononi. Nikamuuliza, "Mkono wangu una nini?" Akasema, "Hauna kitu, Bibi, ni haraka tu." Hakuwa na mteja mwingine.

Baraza nafagia kila jioni. Asubuhi naikuta vilevile, haina hata unyayo wa mtoto. Watoto wana mitihani, nadhani.

Jirani yangu Mama Pacha, mke wa Fundi Baiskeli, yule wa kiume katika pacha wake ana homa. Wale watoto niliwapokea mimi kabla mkunga hajafika, nikawakanda mimi, nikawafundisha kunyonya mmoja kulia mmoja kushoto mama yao akiwa amezirai. Basi nikaenda na maji yangu ya uvuguvugu. Mama Pacha akasimama katikati ya mlango.

"Amelala, Bibi."

Namsikia ndani anavyolia. Nikamuuliza, "Amelala huku analia?"

"Ndiyo, Bibi."

Nikarudi na maji yangu nikayaoshea miguu. Pengine wanaona haya kumsumbua mtu wa redio.

Umeanza kula?

Ni mimi bibi yako.


Chuoni, 1 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ndani ya chumba cha nyaraka, nikairudia na kuirudia mpaka Mzee Penseli akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Sitazunguka. Foleni, kinu, nyanya chini, baraza tupu: hiyo si heshima. Ninavijua vitu hivi na mpangilio wake. Kwanza watu huacha kuazima. Kisha huacha kupokea kitu mkononi. Kisha huwaondoa watoto. Nimeandika sura nzima ya kitabu juu ya mpangilio huo, na sikudhani ningeusoma katika mwandiko wako.

Nakuomba mambo machache. Usiende tena nyumba ile ya pacha. Usimpe mtu chakula wala dawa. Usimsifie mtoto wa mtu kwamba amenenepa. Na kubwa zaidi, Bibi, nakuomba kwa magoti, usimgombeze mtu yeyote kwa sasa. Katika mafaili yangu hakuna kilichowaponza watu kuliko neno la hasira lililofuatwa na msiba. Hata neno la kweli. Hasa neno la kweli.

Niambie pia: nani aliacha kukusalimu kwanza? Kabla ya redio kulikuwa na ugomvi wowote na Fundi Baiskeli? Kuna mtu mwingine anaumwa mtaani?

Nikimaliza kusahihisha mitihani nakuja kukuchukua.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 9 Aprili

Wewe,

Leo sikuiti mjukuu. Unaniandikia kama unamwandikia mtu wa faili. Nani alianza, ugomvi ulikuwapo, mwingine anaumwa. Mimi ni maiti unayoipima?

Nilijua siku ileile. Unadhani nina darasa la nne la akili pia? Mtu hapitishwi mbele ya foleni kwa mapenzi. Walitaka niondoke upesi. Nilikuandikia habari za heshima kwa sababu wewe huko una mitihani na shingo ya mfupa, na kwa sababu ni aibu mtu mzima kulalamika kwamba watoto hawaji barazani kwake. Sasa umelivua nguo jambo hili, haya, tuliangalie.

Hadithi ile naisimulia tangu mama yako hajazaliwa. Huyo Fundi Baiskeli mwenyewe alikojoa kwenye mkeka wangu nikifika kwenye kicheko, kisha akasema, "Bibi, tena." Hakuna asiyeijua. Lakini nikiisema mimi barazani ni hadithi. Redio ikiisema ni habari. Na wewe unajua kabisa hadithi bila paukwa si hadithi tena, ni mtu anayesema yaliyo moyoni mwake. Ulijifunza hilo kwangu kabla ya kujifunza kufunga kiatu, halafu ukaenda kuwapa watu wenye mkasi.

Kuhusu kugombeza, umechelewa. Barua yako ilinikuta nimeshafanya. Nilimwona Fundi amekaa kwenye kibanda chake anaziba pancha, mtoto ndani siku nenda siku rudi anachemka. Nikamuuliza, "Hospitali umempeleka?" Akasema, bila kuniangalia, "Ugonjwa huu si wa hospitali, Bibi. Nadhani unajua." Nikamwambia, "Mimi ninachojua ni kwamba usipompeleka utamzika." Nilisema kwa sauti yangu hii hii, hujui sauti yangu? Barabara nzima ilisikia.

Ningesema nini kingine? Ningemwambia pole, ziba pancha yako?

Usije. Ukija sasa, wewe mtu wa uchawi wa redioni, watasema umekuja kurithi mikoba yangu ya uchawi. Kaa huko usahihishe.

Ni mimi.


Chuoni, 15 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimepokea fimbo zote na zilinistahili. Lakini nina habari njema, ndiyo maana naandika haraka.

Nimekwenda mpaka redioni. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi mpaka mtayarishaji akachoka kuniona. Amekubali. Jumapili hii, mchana, watapiga kanda nzima: paukwa, kikongwe, msichana, na mwisho wake. Kabla yake nitazungumza mimi, nitaeleza kwamba ni hadithi, kwamba msimulizi huvaa sauti ya kila mhusika, kwamba ndiyo ufundi wake. Watu wakikusikia wewe mwenyewe ukiifungua hadithi, watakumbuka. Wamekulia humo.

Pia nimemwandikia mwenyekiti wa mtaa wenu, barua yenye muhuri wa chuo, kumweleza sheria inasema nini juu ya kumsingizia mtu.

Nimelala vizuri jana kwa mara ya kwanza. Usitoke sana mpaka Jumapili ipite.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 23 Aprili

Mjukuu wangu,

Yule wa kiume alifariki Jumatano. Barua yako yenye habari njema ilifika Ijumaa.

Nilimkimbilia mwalimu wa shule, yule anayenipelekea barua posta, nikampa namba yako nikamwambia piga, mwambie azuie kitu hicho cha Jumapili. Alipiga mara tatu. Akasema inaita tu.

Basi sikia ilivyokuwa. Fundi alikuwa amelipia tangazo la kifo, jamaa zake wa mbali wapate kusikia. Jumapili mchana watu wa msiba wamejaa uani kwake, redio imewekwa juu ya kiti, wanangojea jina la mtoto. Mimi niko jikoni kwangu, ukuta ni mmoja, nasikia kila kitu. Tangazo likasomwa. Wanawake wakalia. Ukaja wimbo wa dini. Ukaja wewe na maneno yako marefu. Nikasema moyoni, mtu amzime, mtu amzime. Nani atanyanyuka kuzima redio katika msiba, kila mtu anadhani mwenzake atanyanyuka. Kisha nikaja mimi.

"Paukwa."

Hakuna aliyeitika.

Nikaendelea, si kanda, itanyamazaje. Nikatoka watu wakishalala, nikaweka sikio kwenye milango. Nikacheka. Nilikaa chini jikoni nikaziba masikio nisijisikie, na hata kwa sikio langu hili bovu nilijisikia. Mpaka nilipofika kwenye msichana redio ilikuwa imeshatupwa. Nilisikia ilivyopasuka.

Mwenyekiti naye ameisoma barua yako mbele ya watu, na muhuri akawaonyesha. Shemeji wa Fundi akauliza, "Kaburi halijakauka, serikali imeshachagua upande?" Mwenyekiti akakunja karatasi. Ni mtu mzuri, lakini ana uchaguzi.

Asubuhi nilikuta kinu changu kimepasuliwa na shoka. Sikumuuliza mtu.

Sikulaumu. Nilikulaumu juzi, imetosha. Nina swali moja tu, na ulijibu kwa lugha ya kawaida, usiniwekee sura wala kurasa. Miaka yote hiyo umekaa na mafaili ya watu hawa. Wapo waliopona, hawakosi. Aliyepona alifanya nini?

Ni mimi bibi yako.


Chuoni, 2 Mei

Bibi,

Shikamoo. Namba ngeni ilinipigia mara tatu Ijumaa ile. Simu ilikuwa kwenye kisanduku cha mlangoni. Nilipotoka nikaiona, nikadhani ni yule mwenye duka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda kutafuta. Nilimwomba Mzee Penseli anitolee mafaili yote upya, hata yale niliyokwisha kuyaandika. Alinitazama akasema, "Mwalimu, hayo si umeyamaliza?" Nikamwambia sijayamaliza.

Aliyenyamaza, waliandika kwamba anaficha. Aliyejibu, waliandika kwamba analaani. Aliyelia, kwamba anaigiza, na asiyelia, kwamba hana moyo. Aliyehama, waliandika amekimbia, na kukimbia kukawa ushahidi. Yupo mmoja aliyeletewa mtetezi toka mjini, na huyo ndiye waliyemwogopa zaidi.

Waliopona sikuwapata. Siku ya mwisho, nimekaa na faili limefunguliwa mbele yangu, ndipo nikaelewa kwa nini. Aliyepona hakufika mahakamani. Mtoto fulani alipata nafuu, au jirani mmoja alichoka kusema, mambo yakaishia mlangoni. Hakuna karani aliyeitwa. Hakuna aliyemwandika. Kwa hiyo sijui alifanya nini, Bibi. Mimi ninayeitwa kwenye mikutano kueleza mambo haya, nimekaa miaka yote na walioshindwa tu, na kila nilichokijaribu kwako kimo humo ndani ya mafaili, kimeshajaribiwa.

Nataka kuja. Nikija nakuponza. Nisipokuja nakuacha. Niambie wewe nifanye nini, nitafanya.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 14 Mei

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma. Ni ya kwanza toka kwako isiyo na ushauri, nikaipenda kwa hilo. La kuvunda halina ubani, wala hukuligeuza maneno. Sasa kaa chini nikwambie, na usinikatize, maana najua unasoma huku umeshika kichwa.

Pacha wa kike naye aliugua. Nilijua kwa kusikia kupitia ukutani, kile kilio kidogo cha mtoto aliyechoka. Nilikaa kwangu. Nilitii, unaona. Sikwenda, sikugombeza, sikupeleka maji. Kila akilia mimi nakaza mikono katikati ya magoti.

Jumamosi asubuhi, jua bado changa, Mama Pacha akaja mlango wa jikoni, peke yake, mtoto mikononi. Akapiga magoti pale kwenye majivu. Yule binti namjua tangu anaolewa, hajawahi kunipigia magoti hata nilipomtoa watoto tumboni.

Akasema, "Bibi, mwachie huyu mmoja."

Nikamwambia, "Inuka, unajichafua."

"Nitakaa hapa. Mkubwa umeshamchukua, sisemi kitu. Sitasema popote. Mwachie huyu."

Mjukuu wangu, nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nayo tangu siku ya mashine: kwamba mimi sina uchawi, sijawahi, kwamba nyote ni wajinga mnaomwogopa mtu aliyewafuta kamasi. Nilifungua mdomo. Ndipo nikamwangalia mtoto.

Utosi ulikuwa umezama, umekuwa kisahani. Midomo mikavu inabanduka. Analia, machozi hayatoki. Nimekanda watoto wa mtaa huu wote, hali ile naijua, haingoji kesho. Nikauliza, "Hospitali?" Akasema, "Baba yake amekataa. Anasema watamtia maji bure, aliyemfunga yuko hapa."

Basi pima mwenyewe, wewe msomi. Nikisema sina uchawi, kwake yeye nimekataa kumwachia. Angerudi nyumbani, wangeanza kutafuta mganga, na kabla ya jioni wangekuwa wanalipia tangazo lingine.

Nikasema, "Nimemwachia."

Akainua uso. "Kweli, Bibi?"

"Nimemwachia nusu. Nusu nyingine ipo hospitali. Watamtia maji ya mshipa, na maji hayo ndiyo yatakayomfungua. Uende sasa hivi, kwa miguu yako, usipite nyumbani. Jua likifika utosini hujafika, basi mimi simo."

Aliniangalia, na sitaki kukueleza alivyoniangalia. Kisha akakimbia. Hakunishukuru. Ningemshangaa kama angenishukuru.

Mtoto amepona. Alikaa huko wodini, wakamtia maji, wakamtibu homa, akarudi anashika vitu na kuvitupa. Mtaa mzima umeona. Kwa hiyo sasa hakuna anayedhani tena. Wanajua. Nilisema kwa mdomo wangu, na yakawa nilivyosema.

Fundi alikuja juzi mchana. Nilidhani ana shoka, nikasimama ili asinikute nimekaa. Hakuwa na kitu. Alisimama pale kwenye kizingiti, mikono ina grisi, akaniuliza taratibu, kama anavyouliza mtu bei, "Kumbe ulikuwa unaweza. Na yule wa kwanza, mbona hukumwachia?"

Wewe unajua mimi sikosi jibu. Nimewajibu maaskari, nimemjibu babu yako, nimemjibu daktari mbele ya wauguzi wake. Hilo sikulijibu. Alingoja kidogo, kisha akaondoka, na mgongoni alionekana mzee kuliko mimi.

Kikao cha mtaa walichoniitia kilikuwa kifupi. Mwenyekiti aliniuliza kama ni kweli nilitamka maneno yale kwa Mama Pacha. Nikasema nilitamka. Akauliza kama nililazimishwa. Nikasema mimi hakuna aliyewahi kunilazimisha jambo. Alitaka sana nikane, maskini, alinipa nafasi mara mbili, alikuwa anatokwa jasho. Nikikana, na mtoto akipata homa nyingine mwezi ujao, mama yake atamrudisha wapi? Hawatamrudisha hospitali. Sasa angalau wanajua kwamba dawa yangu iko wodini. Nikaliacha neno likae lilivyokaa.

Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi niwe nimehama. Hawakunitukana. Mwenye mashine ameahidi kununua kabati. Kwa hiyo njoo, sasa unaweza kuja, hakuna kilichobaki cha kuponza. Uje na gari linaloingiza kitanda, maana hilo godoro lako la sifongo sitalilalia. Na usiniandikie kitabu. Au kiandike nikishakufa, lakini usiseme nilionewa. Nitakuwa na hasira.

Asubuhi hii nimekaa barazani nachambua mchele, Mama Pacha amepita na mtoto mgongoni. Shavu limerudi lote. Ananijua yule. Akautoa mkono kwenye mbeleko akaunyoosha kwangu, vidole vinafumba vinafumbua. Mama yake akaushika akaurudisha ndani, akaongeza mwendo. Alifanya vizuri. Mama aliyeambiwa maneno niliyomwambia mimi, kisha amwachie mtoto anishike, huyo ningemgombeza.

Ni mimi bibi yako.